Louis Rwagasore, mwana wa Mwami aliyekwenda Buyenzi

Hapa kambini mtu hupewa jina kabla hajafungua mdomo. Huyu Mhutu, yule Mtutsi, wale Waswahili, hawa ni wa 72, wale wamekuja juzi. Watoto wetu wanayasikia maneno hayo kwenye foleni ya maji na kuyaleta nyumbani. Kwa hiyo tumeona tueleze maisha ya mtu ambaye wazee wetu wa Rumonge na Nyanza-Lac bado wanamtaja.

Louis Rwagasore alizaliwa Gitega tarehe 10 Januari 1932, mwana wa Mwami Mwambutsa wa Nne. Alikuwa Mganwa, yaani mtu wa ukoo wa kifalme, ambao hawahesabiwi kuwa Wahutu wala Watutsi. Alikuwa Mkatoliki, akasoma Astrida huko Rwanda, kisha Ubelgiji. Mtu wa namna hiyo angeweza kumaliza maisha yake bila kuketi na mtu mdogo.

Yeye aliporudi alikwenda Buyenzi. Huo ni mtaa wa Usumbura, Bujumbura ya leo. Wakaaji wake walikuwa Waswahili, wengi wao Waislamu: wachuuzi, wavuvi, mafundi, watu wenye asili ya Kongo na Tanganyika, kama tulivyowajua kule Rumonge. Wabelgiji waliwatawala kando na wengine, na Warundi wengi wa milimani hawakuwahesabu kuwa Warundi. Hata sasa mtu akiitwa Mswahili katika Kirundi, mara nyingine maana yake ni mwongo. Rwagasore alifanya kazi nao. Mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara, na hao walikuwa ndani. Ushirika ule ulipata matatizo ya fedha, na hatutaki kumfanya malaika, lakini Buyenzi haikumwacha.

Tarehe 12 Septemba 1959 alimwoa Marie-Rose Ntamikevyo, Mhutu. Walipata mabinti wawili, wote wakafariki wachanga. Ndoa yao haikuwa na miezi mitatu wakati nyumba zilipoanza kuchomwa Rwanda, Novemba 1959, na Watutsi wakakimbia, wengine wakaingia Burundi. Waliokuwa na macho waliona moto huo unaweza kuvuka mpaka.

Aliongoza chama cha UPRONA, akakusanya Wahutu, Watutsi na Waswahili pamoja. Wabelgiji hawakumtaka. Mwishoni mwa 1960, wakati wa uchaguzi wa komini, walimzuia nyumbani huko Bururi, na Rumonge wakati huo ilikuwa chini ya Bururi. Chama kikashindwa. Lakini tarehe 18 Septemba 1961 UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64, na kati ya wabunge wake Wahutu na Watutsi walikaribiana kwa idadi.

Hakukaa sana katika uwaziri mkuu, kama wiki mbili tu. Usiku wa 13 Oktoba 1961 alikuwa akila chakula katika hoteli Tanganyika, kando ya ziwa letu, akapigwa risasi. Alikuwa na miaka 29. Aliyefyatua ni Mgiriki, Jean Kageorgis. Waliopanga, kama mahakama ilivyoamua, walitoka chama pinzani, na wakubwa wao walikuwa Waganwa kama yeye. Hapa tunaomba msomaji asimame kidogo. Wale wanaofundisha watoto kwamba adui anajulikana kwa kabila lake, watueleze kifo hiki. Hata Samweli, nabii mzima, alipofika kwa Yese alimtazama Eliabu kwa kimo chake akakosea.

Kageorgis aliuawa kwa hukumu tarehe 30 Juni 1962, kesho yake nchi ikapata uhuru. Wengine watano waliuawa Gitega Januari 1963.

Miaka kumi baadaye, mwisho wa Aprili 1972, pwani ya Rumonge iliwaka. Waasi waliwaua Watutsi kwa sababu ni Watutsi. Kisha jeshi likawaua Wahutu kwa sababu ni Wahutu, nchi nzima, mwezi baada ya mwezi. Wazazi wetu wengi walivuka kwa mitumbwi usiku kuja Kigoma.

Kaburi la Rwagasore liko Vugizo, kilimani juu ya mji. Ukisimama pale unaliona ziwa, na upande wa kusini ile barabara ya ufukweni inayokwenda Rumonge.