Burkitt, munganga wa jicho moja aliyefuata uvimbe

Huku kwenye machimbo, mtu akikonda, akitapika, tumbo likimuuma miezi na miezi, watu wanasema ni karuho. Hapo wanaanza kutafuta nani alimtilia sumu. Tumeshaona mjane anafukuzwa na watoto wake kwa neno hilo. Ndiyo maana leo tunaeleza maisha ya Denis Burkitt.

Alizaliwa 1911 huko Enniskillen, Ireland ya Kaskazini. Alipokuwa na miaka 11 jiwe lilimpoteza jicho moja, lakini alikuja kuwa munganga wa kupasua. Mwaka 1946 alifika Uganda, akafanya kazi Lira, kisha Mulago, Kampala. Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto mwenye taya zilizovimba pande zote. Baadaye, Jinja, akaona mwingine sawasawa na yule. Wengine wangepita tu. Yeye mwaka 1961 alipanda gari kuukuu na wenzake wawili, majuma kumi, kilometa karibu 16 000, wakiuliza hospitali baada ya hospitali, wakitia alama kwenye karte.

Karte ikasema: uvimbe ule unafuata joto na mvua, kule malaria inakaa, milimani hakuna. Mwaka 1964, London, Epstein na wenzake waliona virusi ndani ya uvimbe huo. Siku hizi inajulikana kwamba malaria inachokoza mwili kila siku, chembe za damu zinazaana bila kupumuzika, na virusi vimo humo. Siku moja chembe inaharibika. Burkitt aliwatibu watoto kwa dawa, na wengine walipona kabisa.

Hakuishia hapo. Aliendelea kukusanya habari za uvimbe wa aina nyingine kutoka hospitali nyingi. Uvimbe wa tumbo ukaonekana sana kwenye milima ya huku: Kivu, Rwanda, Burundi, kusini-magharibi mwa Uganda. Ni kwetu kabisa! Burkitt alipenda kutafuta sababu katika chakula, na sisi tunaona hapo alishika nusu tu.

Nusu ingine ilitoka Australia, mwaka 1982. Warren na Marshall walikuza bakteria inayoishi ndani ya tumbo. Mara nyingi mtu anaipata utotoni, nyumbani. Mwili unatuma askari wake, lakini hawaiuwi, na vita vinaendelea miaka 30, 40. Ngozi ya ndani inaungua, inajitengeneza, inaungua tena. Mchimbaji anaelewa: ukibadilisha miti ya shimo kila siku mbio-mbio, siku moja mti mmoja utawekwa vibaya. Chumvi nyingi na tumbaku vinazidisha. Kweli, wengi wenye bakteria hiyo hawapati uvimbe, na iko mpaka mabondeni; kwa hiyo peke yake haielezi milima yetu.

Burkitt alikufa 1993. Mwaka uliofuata, wataalamu wa kansa wa OMS waliiandika bakteria hiyo kati ya vitu vinavyoleta kansa.

Inapimwa kwa kinyesi au kwa pumzi. Inatibiwa kwa antibiotiki mbili na dawa ya kupunguza asidi, siku 10 mpaka 14. Wenzetu bado wanatafuna pemba na kurudi shimoni. Sisi wa sendika tuliomba kipimo hicho kiingie katika matunzo ya wafanyakazi na jamaa zao. Barua tumeandika mbili, tunaandika ya tatu.