Justus von Liebig, Aliyeipa Aldehaidi Jina

Ndugu Mhariri aliponitaka niandike habari za mtu mashuhuri, wenzangu walidhani nitamchagua mwanasiasa. Nimemchagua mkemia wa Kijerumani, kwa kuwa ninalo deni kwake tangu kidato cha tano, hapa hapa Dodoma. Katika mtihani mmoja niliandika propanali mahali pa propanoni, alama zikanipita, nami nikaamini kwamba majina yale yalitungwa ili kututesa.

Justus von Liebig alizaliwa Darmstadt mwaka 1803. Baba yake aliuza rangi na madawa. Kukariri kulimshinda, akatoka shule bila kumaliza. (Vijana wa madarasani msishangilie: huko nyumbani aliazima vitabu vya kemia kimoja baada ya kingine na kurudia majaribio yake.) Baadaye alisoma Bonn, Erlangen na Paris, na mwaka 1824, akiwa na miaka 21 tu, akapewa uprofesa Giessen. Maabara yake ilikuwa jengo la zamani la askari walinzi. Humo wanafunzi walijifunza kemia kwa mikono yao wenyewe, na wakamfuata kutoka nchi nyingi.

Mwaka 1835 alikuwa akichunguza kimiminika chenye harufu kali, kipatikanacho alkoholi inapoondolewa haidrojeni. Akachukua maneno ya Kilatini yenye maana hiyo hiyo, alcohol dehydrogenatus, akayakata na kuyaunga, likatoka neno aldehaidi. Basi jina lenyewe ni maelezo ya jinsi kitu kilivyopatikana! Wakulima wetu wa zabibu wanajua kuwa mvinyo ukiachwa wazi hugeuka siki. Alkoholi ikiwa njiani kwenda kwenye siki hupitia aldehaidi ile ile, ambayo leo twaiita etanali.

Liebig aliandika pia juu ya chakula cha mimea na mbolea, kazi iliyompa sifa kuliko aldehaidi. Alifariki München tarehe 18 Aprili 1873.

Jina la ketoni si lake. Lilitolewa na Leopold Gmelin mwaka 1848, kutokana na asetoni. Nazo kanuni zilizoninyima alama zilianzia kwenye mkutano wa wakemia huko Geneva mwaka 1892: aldehaidi iishie na -ali, ketoni na -oni. Kaboni yenye kundi la aldehaidi iko mwisho wa mnyororo siku zote, ndiyo namba 1, hivyo namba haiandikwi. Ya ketoni iko katikati, ndiyo maana pentani-2-oni si pentani-3-oni. Propanali na propanoni zote zina kaboni 3, haidrojeni 6 na oksijeni 1. Mimi niliiweka oksijeni mahali pasipo pake, na msahihishaji alikuwa na haki.

Liebig aliona pia kwamba aldehaidi huitoa fedha katika chumvi yake na kuibandika kwenye glasi. Tulilifanya jaribio hilo muhula uliofuata. Neli ya etanali iling'aa kama kioo. Ya propanoni ikabaki vile vile. Maji yalikuwa ya ndoo, ya kugawana, lakini siku ile hakuna aliyelalamikia uhaba wake, kwa maana hakuna aliyetaka kuosha neli yake. Yangu niliificha bwenini, nikachania nywele mbele yake hadi tulipofunga shule.