Paul Ngei na Katiba Iliyobadilishwa kwa Ajili Yake

Sisi wa Pwani tupandao garimoshi la Mombasa kwenda Nairobi hushukia Syokimau, mahali palipopewa jina la mama mwaguzi wa Kikamba ambaye husemwa aliitabiri reli kabla haijaja. Wengi huharakia mjini wasiulize wanakanyaga nchi ya nani. Ni nchi ya Machakos, jina litokanalo na Masaku, na mjukuu wa Masaku ndiye marehemu Paul Ngei nitakayemweleza leo.

Alizaliwa 1923, akasoma Alliance na Makerere, akaanzisha gazeti la Kikamba. Oktoba 1952 alikamatwa pamoja na Mzee Jomo Kenyatta na wenzao wanne. Kapenguria walihukumiwa miaka saba, wakapelekwa Lokitaung, jangwani Turkana. Husimuliwa kwamba huko Ngei alimkinga Mzee na viboko vya askari. Ikiwa kisa hicho kimetiwa chumvi sijui, lakini mimi naamini deni la Mzee kwake lilianzia gerezani. Mwaka 1962 Ngei alitoka KANU akaunda chama chake cha APP. Mwaka uliofuata akarudi, wala hakunyimwa uwaziri.

Basi ukaja uchaguzi wa 1974. Chama kilikuwa kimoja tu, KANU, na ushindani ulikuwa baina ya wanachama wenyewe. Ngei alishinda Kangundo, lakini matokeo yakapingwa kortini. Mwaka 1975 mahakama ilimkuta na kosa la kumtisha mpinzani, ikabatilisha uchaguzi. Adhabu yake: asigombee kwa miaka mitano. Rais aliweza kumsamehe hata muuaji, ila marufuku ya kosa la uchaguzi haikuwamo katika msamaha wake. Desemba, Katiba ikabadilishwa ili imo. Mswada ulipita Bungeni hatua zote kwa siku moja.

Wasomaji wasishangae wabunge kukubali upesi hivyo. Machi mwaka huo J. M. Kariuki alikuwa ameuawa. Oktoba, Naibu wa Spika Jean-Marie Seroney na Martin Shikuku walikamatwa palepale Bungeni, wakatiwa kizuizini bila kesi. Hao kosa lao lilikuwa maneno, na hawakuandikiwa mswada wowote.

Ngei akasamehewa, akarudi Bungeni kwa uchaguzi mdogo, akarudi na kwenye uwaziri. Na yule aliyekwenda kortini, je? Alikuwa na hukumu mkononi, haikumfaa kitu. Wapigania uhuru nawaheshimu, na Ngei aliteseka kweli, lakini wapiga kura wa Kangundo hawakuwa mali ya kulipia deni la gerezani.

Kenyatta alifariki 1978. Ngei aliendelea kuwa waziri chini ya Rais Moi mpaka 1990, mahakama ilipomtangaza muflisi, na kwa sheria muflisi hakai Bungeni. Safari hii Katiba haikuguswa. Kisukari kilimla miguu yake, ikakatwa, akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Alifariki Agosti 2004.