Sultani Hasan bin Sulaiman, Baba wa Vipawa

Kila muhula gazeti letu huwa na habari za mtu mashuhuri wa zamani, na mara nyingi mtu huyo ni wa Ulaya au wa Asia. Safari hii nimemchagua mtu wa pwani ya nchi yetu wenyewe, aliyefariki karibu miaka 700 iliyopita. Huyo ni Sultani Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, ambaye watu wa zamani zake walimwita Abu al-Mawahib, maana yake Baba wa Vipawa. Nimemchagua kwa sababu katika likizo ya Juni mjomba wangu, ambaye ni mwalimu huko Kilwa Masoko, alinipeleka kuyaona magofu ya mji wa Sultani huyo, nasi tukaongozwa siku nzima na mzee mmoja mwenyeji wa kisiwa. Kwanza nitasimulia maisha yake, kisha nitaeleza niliyoyaona, na mwisho nitataja jambo lililonifanya nifikiri sana.

Hasan alizaliwa katika ukoo wa Mahdali, ambao asili yake ni Yemeni. Ukoo huo ulishika utawala wa Kilwa mwishoni mwa karne ya 13, baada ya Washirazi, na mtawala wake wa kwanza alikuwa babu yake, Hasan bin Talut. Tarikhi ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, yasimulia kuwa Hasan alipokuwa kijana alikwenda Aden kutafuta elimu, akahiji Makka. Alipokuwa ugenini, nduguye Daud alimshikia utawala, na Hasan aliporejea, Daud akamrudishia kiti chake. Basi Hasan akatawala mpaka yapata mwaka 1333.

Wakati huo Kilwa ilikuwa na utajiri mwingi, nao ulitokana na upepo na dhahabu. Vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi vilikuja na upepo wa kaskazi, unaovuma tangu Desemba hadi Machi, vikarudi kwao na upepo wa kusi. Vyombo hivyo viliweza kufika Kilwa na kurudi katika mwaka mmoja, lakini kwenda mbali zaidi kusini kulikuwa na hatari ya kukosa upepo wa kurudia. Dhahabu nayo ilitoka bara, katika nchi ambayo sasa ni Zimbabwe, ikashuka hadi bandari ya Sofala katika Msumbiji ya leo. Kwa hiyo watu wa Kilwa waliifuata Sofala kwa vyombo vyao, wakaileta kwao, na wageni wakainunua hapo. Mwenye Kilwa alikuwa ameshika mlango wa biashara, na mshika mlango hutoza ushuru.

Sultani Hasan aliutumia utajiri huo kwa mambo makubwa. Alifyatua sarafu za shaba zenye jina lake, na maandishi ya upande mmoja yana kina kimoja na ya upande wa pili, kama ushairi. Sarafu yake moja imeokotwa mbali sana na bahari, katika magofu ya Great Zimbabwe. Tena aliupanua Msikiti Mkuu wa Kilwa, akajenga humo kuba kubwa. Lakini kazi yake kubwa kuliko zote ilikuwa ujumba uitwao Husuni Kubwa.

Sasa nieleze safari yetu. Kutoka Musoma hadi Kilwa ni mbali mno. Nilisafiri kwa basi hadi Dar es Salaam, kisha nikashika njia ya kusini, tukavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003. Huko Kilwa Masoko mjomba alichukua kibali ofisini asubuhi na mapema, tukapewa kiongozi, tukapanda mashua. Mlango wa bahari ni kama kilometa 2 tu. Mimi niliyezoea Ziwa Victoria nilidhani nayajua maji, ila nilipoonja tone la maji ya bahari mkononi mwangu, kiongozi wetu alicheka sana.

Tulishukia karibu na Gereza, nalo ni ngome. Wareno waliiteka Kilwa mwaka 1505 wakajenga ngome yao mahali hapo, na ngome inayoonekana sasa ilijengwa baadaye, zamani za Waarabu wa Omani. Kutoka hapo tulikwenda kwenye Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya kaskazini ni ya kale zaidi, na ile kubwa ya kusini ndiyo aliyoipanua Sultani Hasan. Mzee alitufahamisha kuwa sehemu hiyo iliwahi kuanguka, ikajengwa upya katika karne ya 15. Nilisimama chini ya matao yale nikapiga makofi mara moja, na sauti ikanirudia kutoka pande zote.

Kisha tulitembea kwa miguu, zaidi ya kilometa moja, tukipita minazi na mibuyu, hata tukafika kwenye genge lililo juu ya bahari. Hapo ndipo penye Husuni Kubwa. Ujumba huo ulikuwa na vyumba zaidi ya 100, nyua za kukalia wageni, ghala za bidhaa, ngazi ya kushukia baharini, na birika la kuogea lenye pembe nane. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kiongozi alitueleza ufundi wake: matumbawe laini ya kuchongea nakshi hutolewa baharini yakiwa mabichi, yakachongwa kabla hayajawa magumu, mengine huchomwa katika tanuu la kuni mpaka yawe chokaa, na dari huwekewa boriti za mikoko. Ndiyo sababu vyumba vingi ni vyembamba, kwa kuwa upana wa chumba hufuata urefu wa boriti.

Katika miaka ya 1960 mtaalamu Mwingereza, Neville Chittick, alichimba mahali hapo, naye akapata jiwe lenye maandishi ya jina na vyeo vya Sultani Hasan. Alipata pia chombo cha kaure kutoka China. Aligundua tena kwamba ujumba huo haukumalizika kujengwa, wala watu hawakuukaa muda mrefu. Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na ya Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia.

Tulipoketi kivulini kupumzika, mzee alitusimulia kisa kilichompatia Sultani jina lake. Kisa hicho kiliandikwa na Ibn Battuta, msafiri wa Tangier katika nchi ya Moroko, aliyefika Kilwa mwaka 1331 akiwa na miaka 27 tu. Ijumaa moja Sultani alipotoka msikitini, fakiri mmoja kutoka Yemeni alimzuia njiani, akamwomba nguo alizovaa. Sultani hakukasirika. Alirudi ndani, akavaa nguo nyingine, akamwita fakiri yule azichukue zile alizoziomba. Watu wakamsifu sana. Mwanawe Sultani akazikomboa nguo zile kwa kumpa fakiri watumwa kumi. Naye Sultani aliposikia jinsi watu walivyofurahi, akaamuru fakiri aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Ibn Battuta aeleza pia kwamba Sultani alikula pamoja na mafakiri na kuwaheshimu wenye elimu. Alipokufa, nduguye Daud alishika mahali pake, naye mkono wake ulikuwa mgumu: waombaji walipomjia, aliwajibu kuwa mtoaji amekwisha kufa na hakuacha kitu cha kutoa.

Mjomba alikipenda kisa hicho, lakini mimi nilinyamaza kidogo, kisha nikamwuliza mzee: wale watu ishirini walikuwa akina nani? Maana Ibn Battuta huyohuyo ameandika kuwa Sultani alikuwa akifanya vita vya kushambulia nchi za watu wa bara, akateka nyara, na sehemu moja katika tano akaitenga kwa mambo ya sadaka. Mzee hakunionea vibaya. Alinijibu kwa upole kuwa hakuna aliyeandika majina yao, na kwamba yeye mwenyewe, akipita katika vyumba vile, huwaza ni nani aliyebeba maji ya kujaza birika.

Hilo ndilo jambo lililonifanya nifikiri sana. Niliporudi shuleni niliwahadithia wenzangu bwenini, tukajadiliana mpaka taa zikazimwa. Wengine walisema kuwa mtu apimwe kwa desturi za zamani zake, na kwamba zama zile wafalme wa kila nchi walikuwa na watumwa. Wengine walisema kuwa ukarimu wa kutoa kilicho cha mwingine si ukarimu. Mmoja alituambia kuwa wale ishirini wangeweza kuwa babu zetu sisi watu wa bara, ingawa Kilwa ni mbali na Mara.

Mimi naona pande zote mbili zina haki yake. Hatuna budi kumheshimu Sultani Hasan kwa kazi zake. Katika vitabu vya zamani vya wageni iliandikwa mara nyingi kuwa Afrika haikuwa na historia mpaka walipokuja wao. Lakini kuta za Husuni Kubwa zawasuta, na hata karibu na kwetu, ng'ambo ya mpaka katika Migori nchini Kenya, ziko kuta za mawe za Thimlich Ohinga, zilizopangwa bila chokaa, nazo ziliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Vilevile yafaa kumsifu kwa unyenyekevu wake. Kuvua nguo yako njiani umpe maskini si kazi nyepesi, hata kwa mtu asiye sultani. Na tuangalie jambo hili: Ibn Battuta hakuutaja ule ujumba mkubwa katika kitabu chake, bali nguo aliyopewa fakiri aliikumbuka na kuiandika. Nyumba ya vyumba 100 imebaki gofu, na tendo la wema la dakika chache lasomwa duniani kote.

Lakini tukimwita Baba wa Vipawa, tusisahau kuwa katika vipawa vyake walikuwamo watu. Nao walikuwa na mama zao, na lugha zao, na mahali walipozaliwa. Mwenye kusoma historia asiishie kwa yule aliyetoa na yule aliyepokea, bali aulize pia juu ya kile kilichotolewa kilitoka wapi. Swali hilo latufaa hata leo, sisi tunaotarajia kuwa viongozi na watumishi wa watu, maana ni rahisi kuwa mkarimu kwa mali ya umma au kwa jasho la mwenzako.

Nawashauri wenzangu, atakayepata nafasi ya kwenda kusini asiache kuvuka hadi Kilwa Kisiwani. Achukue kiongozi mwenyeji, kwa kuwa mawe peke yake hayasemi. Avae viatu vya kutembelea na achukue maji ya kunywa, kwani jua la huko ni kali. Na akifika kwenye lile birika la pembe nane, asiharakishe kuondoka. Amkumbuke Sultani Hasan bin Sulaiman aliyelijenga, kisha awakumbuke na wale ambao majina yao hayakuandikwa.