Ishi: Mwindaji wa upinde aliyejificha miaka 40

ALFAJIRI ya Agosti 29, 1911, mbwa walibweka kwa fujo katika kichinjio kimoja karibu na mji wa Oroville, jimbo la California nchini Marekani. Wafanyakazi walipotoka kuangalia, walimkuta mwanamume aliyekonda kwa njaa amejikunyata kando ya ua, mwilini ana kipande cha turubai kuukuu tu. Nywele zake zilikuwa zimechomwa zikabaki fupi, ishara ya matanga kwa watu wa kabila lake.

Alikuwa na umri wa takriban miaka 50. Hakuwa na upinde mkononi, na kwa mtu wa aina yake hilo lilikuwa sawa na kusema kwamba amekata tamaa ya kuishi.

Mkuu wa polisi wa eneo hilo alimweka katika seli ya jela, si kwa kosa lolote, bali kwa kukosa mahali pengine pa kumweka. Watu walimiminika kumtazama. Walimsemesha kwa Kiingereza, Kihispania na lugha kadhaa za wenyeji wa Marekani, lakini hakuelewa hata moja.

Siku chache baadaye msomi Thomas Waterman wa Chuo Kikuu cha California alifika akiwa na orodha ya maneno ya lugha ya Yana. Alisoma neno baada ya neno bila mafanikio, hadi alipotaja jina la msonobari huku akigonga mbao za kitanda. Uso wa mfungwa ukang'aa. Alikuwa Myahi, tawi la kusini la kabila la Yana ambalo watu wengi waliamini kwamba lilikuwa limekwisha kabisa.

Jina lake halikupata kujulikana. Kwa mila za kwao, mtu hakujitaja jina mbele ya wageni, na wale ambao wangeweza kumtaja walikuwa wamekufa wote. Profesa Alfred Kroeber, aliyesimamia jumba la makumbusho la chuo hicho mjini San Francisco, akamwita Ishi, neno ambalo katika lugha ya Yana maana yake ni mtu, au mwanamume.

Ishi alizaliwa karibu mwaka wa 1860, wakati maangamizi yalikuwa yameanza. Dhahabu iligunduliwa California mwaka wa 1848, na wahamiaji wakafurika kwa maelfu. Wayahi, ambao inakadiriwa walikuwa 400 hivi, waliishi katika mabonde yenye magenge ya vijito vya Mill Creek na Deer Creek. Mifugo ya walowezi ilimaliza malisho ya wanyamapori. Wayahi walipochukua ng'ombe kwa sababu ya njaa, walowezi waliwaandama kwa bunduki, wakiua wanaume, wanawake na watoto. Katika pango la Kingsley, mnamo mwaka wa 1871 hivi, waliuawa watu wapatao 30 kwa mkupuo.

Wachache waliosalia waliamua kutoweka. Kwa takriban miaka 40 waliruka kutoka jiwe hadi jiwe ili wasiache nyayo, walitambaa chini ya vichaka badala ya kukata njia, na waliwasha mioto midogo ambayo moshi wake haungeonekana mbali.

Hapo ndipo thamani ya upinde inapoeleweka. Bunduki ingemwangusha kulungu na papo hapo kumjulisha kila mlowezi aliye bondeni kwamba kuna watu. Mshale hausemi. Watu hawa wangeweza kuwinda, kula na kuishi umbali wa mwendo mfupi tu kutoka kwa adui zao bila kusikika.

Ishi alichonga upinde wake kwa mti wa mreteni wa milimani, wa jamii moja na mtarakwa unaoota nyanda za juu za Kenya. Ulikuwa mfupi, zaidi kidogo ya mita moja. Mgongoni aliubandika kano za kulungu, ambazo kwanza alizitafuna hadi zikalainika, kwa gundi iliyotengenezwa kwa ngozi ya samaki. Upote, yaani uzi wa upinde, ulisokotwa pia kwa kano. Nguvu ya kuuvuta ilikuwa kama kilo 20, kiasi ambacho Waata wa Tsavo, waliowinda ndovu kwa pinde ngumu na mishale ya sumu, pengine wangekiona kuwa mchezo wa watoto. Lakini kulungu hakuhitaji zaidi ya hapo.

Mishale ilitaka subira kubwa zaidi. Vijiti vyembamba vya mti uitwao hazel vilikaushwa, kisha vikanyooshwa kimoja kimoja juu ya makaa. Manyoya ya ndege yalifungwa nyuma kwa nyuzi za kano. Chembe ilichongwa kutokana na jiwe jeusi la volkeno linalofanana na kioo, kwa kulimenya kipande kwa kipande kwa ncha ya pembe ya kulungu. Kazi hiyo ilimchukua kama nusu saa. Wazungu walipoanza kutupa chupa porini, vioo vyake navyo vilifaa. Mishale ilibebwa katika podo la ngozi ya fisi maji.

Zana hizo zilikuwa na miiko yake. Upinde haukusimamishwa ukutani, kwani ulioachwa wima uliaminika kuendelea kufanya kazi na kutoa jasho hadi ukachoka. Ulilazwa chini. Mtoto hakuruhusiwa kuugusa, wala mtu yeyote kuuruka.

Maandalizi ya windo yalianza kabla ya siku yenyewe. Ishi aliacha kula samaki na kuvuta tumbaku, kwa kuwa kulungu ana pua kali. Aliamka mapema, akaoga kijitoni, akajisugua kwa majani yenye harufu nzuri, akatoka bila kutia chochote tumboni ila maji. Ndege akipiga kelele za kuwatahadharisha wengine, Ishi alijua kwamba pori zima limekwisha pata habari, na akaacha windo hilo.

Hakumfukuza mnyama. Alimwita. Sungura alimvuta kwa mlio kama wa busu aliotoa kwa kufyonza vidole, na kulungu jike kwa kuiga kilio cha mtoto wake kupitia jani lililokunjwa. Wakati mwingine alivaa kichwani ngozi ya kichwa cha kulungu, akakiinua na kukishusha nyuma ya kichaka hadi mnyama aliposogea kwa udadisi.

Maisha hayo yalivunjwa Novemba 1908. Wapimaji wa ardhi waliokuwa wakitafuta mahali pa kujenga bwawa la umeme waliiangukia kambi ya Wayahi wa mwisho, ambao hawakuzidi wanne. Wengine walikimbia, akabaki mama yake Ishi, ajuza asiyeweza kutembea, amefunikwa kwa blanketi. Wapimaji hawakumdhuru, ila waliondoka na pinde, mishale, vikapu na ngozi za kujifunika kama kumbukumbu za safari. Ni vigumu kuamini kwamba hawakujua walichokuwa wakifanya, msimu wa baridi ukiwa mlangoni. Mama alifariki muda mfupi baadaye, na wawili waliokimbia hawakuonekana tena. Ishi alibaki peke yake hadi siku aliyojitokeza Oroville.

Mjini San Francisco aliishi katika jumba la makumbusho, akalipwa mshahara kwa kusaidia kazi za usafi, na siku za Jumapili akawaonyesha wageni jinsi ya kuwasha moto na kuchonga chembe za mishale. Mwaka wa 1912 alikutana na Saxton Pope, daktari wa upasuaji aliyefundisha katika hospitali jirani. Daktari akawa mwanafunzi.

Pope aligundua jambo la ajabu. Katika kulenga shabaha kubwa ya mbali, Ishi alishindwa na Wazungu waliocheza mchezo huo. Lakini kitu kidogo kama sungura, kikiwa hatua kumi au ishirini mbele yake, kilikuwa hatarini. Alichuchumaa, akainamisha upinde mbele ya mwili na kuuvuta upote kwa kidole gumba. Hakuwahi kujifunza kufurahisha watazamaji. Alijifunza kutokosa chakula.

Mei 1914 aliwapeleka Pope, Kroeber na Waterman Deer Creek, japo mwanzoni alisitasita kurejea kwenye makaburi ya watu wake. Aliwaonyesha vijiji, njia na maficho.

Kifua kikuu kilimuua Machi 25, 1916. Kroeber, akiwa New York, aliandika barua kupinga mwili wa rafiki yake kupasuliwa, lakini barua ilichelewa. Ubongo wake uliondolewa na mwaka uliofuata ukapelekwa katika taasisi ya Smithsonian, Washington. Mwili ulichomwa pamoja na upinde wake mmoja, mishale mitano, kikapu cha unga wa mbegu za mwaloni, ushanga na tumbaku.

Pope aliandika vitabu kuhusu elimu aliyoachiwa, na mwaka wa 1925 yeye na mwenzake Arthur Young walifika Tanganyika kuwinda simba kwa mishale. Alifariki mwaka uliofuata. Mchezo wa kuwinda kwa upinde, ambao sasa una mamilioni ya wafuasi Marekani, unamhesabu miongoni mwa waasisi wake.

Ubongo wa Ishi ulikaa Smithsonian kwa zaidi ya miaka 80. Baada ya wenyeji wa California kuudai, mwaka wa 2000 ulikabidhiwa wawakilishi wa Redding Rancheria na kabila la Pit River, ambao miongoni mwao wamo wazao wa Wayana. Waliuzika pamoja na majivu yake katika nchi ya mababu zake, mahali ambapo hawajapataja hadharani.