Aldo Leopold: Profesa aliyefufua shamba lililochoka

Bandu bandu huisha gogo. Ndivyo rutuba ilivyokwisha katika mashamba mengi ya jimbo la Wisconsin, Marekani, kabla Aldo Leopold hajashika jembe ili kuirudisha.

Leopold alizaliwa Januari 11, 1887, mjini Burlington, Iowa. Baada ya kuhitimu masomo ya misitu Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1909, aliajiriwa na idara ya misitu ya serikali. Mwaka 1933 alipewa uprofesa wa usimamizi wa wanyamapori katika idara ya uchumi wa kilimo, Chuo Kikuu cha Wisconsin.

Wakati huo plau ilikuwa imekaribia kuzimaliza mbuga za asili za jimbo hilo, zenye nyasi ndefu na maua ya mwituni. Leopold na wenzake waliamua kuirudisha mbuga moja kwenye shamba la zamani mjini Madison. Kuanzia mwaka 1935, vijana waliopewa ajira na serikali kutokana na mdororo wa uchumi walipanda humo mbegu na miche iliyokusanywa kwenye mabaki ya mbuga.

Kikwazo kilikuwa nyasi za malisho zilizotoka nje, ambazo ziliisonga mimea ya asili. Katika miaka ya 1940, mtaalamu wa mimea John Curtis alionyesha kuwa moto uliowashwa kwa mpango huzipunguza, huku mimea ya asili ikichipua upya kutoka mizizini. Eneo hilo, zaidi ya ekari 60, sasa lina jina lake.

Mwaka huo huo wa 1935, Leopold alijinunulia shamba la kichanga lililochoshwa na mahindi. Jengo lililobaki lilikuwa banda la kuku. Pamoja na mkewe Estella na watoto wao watano alipanda misonobari na maua ya mbuga. Ukame wa mwaka 1936 uliua karibu miche yote, lakini familia ilipanda tena, mwaka hadi mwaka.

Leopold alikuwa ameona kuwa mikataba ya serikali ya kuhifadhi udongo inapokwisha, wakulima huendelea na yale tu yenye faida ya haraka. Alisisitiza kuwa mwenye shamba ana wajibu kwa ardhi yake hata pasipo ruzuku.

Alifariki dunia kwa maradhi ya moyo Aprili 21, 1948, akisaidia kuzima moto kwenye shamba la jirani. Misonobari aliyoipanda bado imesimama.