Robert Koch

Robert Koch (11 Desemba 1843 – 27 Mei 1910) alikuwa daktari kutoka Ujerumani aliyegundua bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882.

Mwaka 1905 alichunguza homa ya papasi katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, kwenye njia ya misafara iliyoelekea Iringa. Papasi walijificha katika udongo wa vibanda walimolala wapagazi, wakawauma usiku. Koch alionyesha kwamba vijidudu vya homa hupita hadi ndani ya mayai ya papasi, hivyo watoto wao huweza kuzaliwa tayari na maambukizi.

Sifa hiyo si yake peke yake: Everett Dutton, Mwingereza aliyefanya utafiti kama huo Kongo, aliambukizwa na kufa huko Februari 1905. Koch alipewa Tuzo ya Nobel mwaka huohuo, lakini kwa kazi yake ya kifua kikuu.